Miezi Mitatu ya Kunong'ona

Mamangu alikuwa na sauti. Sisemi sauti nzuri wala mbaya, nasema sauti. Akisimama dirishani ghorofa ya pili kuniita, nami niko kwenye kona ya muuza kahawa, vichochoro vitatu kutoka nyumbani, nilisikia jina langu, kosa langu na adhabu yangu kwa mkupuo mmoja, na wazee wote waliokaa barazani walisikia pia na wakanitazama wajue nitajibu nini. Hata nilipokuwa mtu mzima, mwalimu wa watoto wadogo kule Ganjoni, mwenye mkoba wa ngozi na viatu vya kisigino, aliniita vile vile. Watu husema nina hasira za karibu. Ninazo, na nilizipatia kwenye kichochoro kile.

Mtaa ulikuwa umemzoea, tena ulimtegemea. Alipomwamsha babangu kwa sala ya alfajiri aliamsha nyumba kumi na mbili, na sidhani kama katika nyumba hizo palikuwa na saa ya kengele hata moja. Alipouliza kutoka dirishani samaki leo ni wa aina gani, mchuuzi alimjibu akiwa bado hajafika, na majirani wakaanza kuosha sufuria.

Chanzo cha sauti ile alikuwa babangu, ingawa hakuna aliyewahi kulitamka hilo. Ujana wake wote alifanya kazi bandarini, kazi ya kugonga kutu ndani ya meli. Unaingia katika tangi la chuma na nyundo yako, wenzako saba na nyundo zao, mnagonga tangu asubuhi mpaka jioni. Alipostaafu alitoka na mabega mapana na masikio yaliyobakiwa na kazi ya kushikilia miwani tu. Yalikuwa yamepungua kidogo kidogo, na kadiri yalivyopungua, sauti ya mamangu ilipanda kidogo kidogo, hata mwenyewe asijue imefika wapi. Mimi ni kitinda mimba. Nilizaliwa imeshafika juu.

Babangu mwenyewe hakuwa msemaji. Alikuwa na maneno machache kwa siku, na hayo aliyatoa kwa sauti ya chini, ndani ya ndevu. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, maana sisi nyumbani tulilisahau.

Katikati ya miaka ya tisini ndugu zangu wakubwa waliwaandikisha wazazi wetu kwenda hija. Kila Jumapili baada ya alasiri wasafiri walikusanyika katika ukumbi wa madrasa kufundishwa ibada zake, wanaume mbele na wanawake nyuma ya pazia. Nilikwenda na mamangu ili nimsaidie kukumbuka. Maalim alikuwa mwembamba, mpole, mwenye miwani mizito. Aliwafundisha kutufu kwa kuizunguka meza iliyofunikwa kitambaa cheusi, na jirani yetu mshona kanzu, aliyekuwa katika msafara huo huo, alitangulia mbele kila mara kwa sababu hajawahi kuvumilia kuwa nyuma ya mtu. Huyu mshona kanzu mjueni mapema. Alikuwa mtu mwema, ila jambo likiingia sikioni mwake halikulala humo.

Jumapili ya nne ilikuwa zamu ya Madina. Maalim akasema mji ule hauingiwi kama mtu aingiavyo sokoni Marikiti na kikapu chake. Unaoga, unajitia manukato, unavaa nguo yako bora. Unaingia msikitini kwa mguu wa kulia, husukumi mtu, hushikishiki vyuma vya kaburi la Mtume, unasimama kama ambavyo ungesimama mbele yake yu hai, unatoa salamu yako, kisha unafikisha za waliokuagiza, kwa sababu salamu ni amana. Halafu akafika kwenye sauti. Akatukumbusha kwamba Qur'ani iliwakataza masahaba wenyewe kupaza sauti zao juu ya sauti ya Mtume, amali zao zisije zikaharibika bila wao kujua. Na adabu hiyo, akasema, haikuondoka alipoondoka yeye.

Nikahisi mamangu ananyanyuka pembeni yangu.

"Maalim," akasema, "na aliye na sauti kama hii, afanyeje?"

Njiwa waliokuwa dirishani wakaruka. Upande wa pili wa pazia nilisikia kitu kikianguka, na baadaye mshona kanzu alinihakikishia kuwa ilikuwa miwani. Maalim alichukua muda kuitafuta.

"Bi mkubwa," akasema, "safari bado miezi mitatu. Sauti hufunzwa. Anza leo."

Nilicheka njia nzima, ndani ya buibui, mpaka tukafika nyumbani nikamwona uso. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kwanza, kikapu mapajani. Akaninong'oneza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia akinong'ona.

"Mwanangu, nafunga tangu nina miaka tisa. Swala zangu sikuziacha. Sasa nikifika kule, babako asinisikie, nami nimwite kama nimwitavyo hapa, mara moja tu, nimesahau. Vyote viende?"

Hapo nikaona kwamba anaogopa kweli kweli, na nikaona haya. Nikamwambia tutajifunza. Sikujua nasema nini.

Kwa sababu aliyekuwa akijifunza ni yeye, lakini waliopata taabu ni wengine wote. Alinong'ona jikoni kwamba maziwa yanafurika, na maziwa yakafurika. Alinong'ona mlangoni kwamba mchuuzi wa samaki amefika, mchuuzi akapita, tukala mchicha siku mbili. Mimi, ambaye tangu utotoni nilimwomba Mungu ampunguzie sauti mamangu, nilijikuta nagombana naye kila jioni nikimtaka aseme kwa nguvu. Majirani nao wakaingiwa na wasiwasi. Mmoja alileta tangawizi na chumvi ya kusukutua. Mwingine alisimama mlangoni akiwa ameshavaa uso wa msiba, akaniuliza polepole ni nani.

Siku ya nne akaja mpangaji wetu. Alikuwa kijana wa bara, Mkristo, karani bandarini, amepanga chumba cha chini mwaka wa pili huo. Alivaa tai, na nywele zake zilionyesha kwamba zimechanwa mbio mbio.

"Mama, samahani," akasema. "Kuna jambo nimewakosea?"

Mamangu akatikisa kichwa.

"Ni kwamba nimechelewa kazini siku tatu mfululizo. Mimi si Mwislamu, lakini mama ukimwamsha mzee ndiyo mimi pia huamka. Bosi wangu ameanza kuniuliza maswali."

Mamangu akamnong'oneza maelezo ya Madina kuanzia mwanzo. Kijana wa watu aliinama, akatega sikio, akaitikia kwa heshima pale ambapo alidhani panafaa, kisha akanigeukia mimi nimweleze upya. Nilimwambia anunue saa. Akanunua. Baada ya wiki akasema inalia vizuri lakini haina uzito.

Tukabuni ishara. Wazo lilikuwa langu, na naligharimia mpaka leo. Mamangu angetembea nyuma ya babangu, na badala ya kumwita angemvuta kanzu. Kuvuta mara moja, simama. Mara mbili, twende. Mara tatu, nataka choo. Nilimweleza babangu kwa kuchora kwenye karatasi, akatazama, akaikunja, akaitia mfukoni. Nyumbani walifanya vizuri kabisa, wakizunguka birika la maji uani kama bwana harusi na bibi harusi.

Lakini uani hapana watu, na Madina pana watu. Nikasema basi twende Marikiti Jumamosi asubuhi, maana kama kuna msongamano katika kisiwa hiki ni pale. Tukaingia, babangu mbele na kanzu yake nyeupe, mamangu nyuma yake, mimi nyuma ya mamangu kama msimamizi wa mtihani. Wachukuzi walipita na magunia ya vitunguu wakitaka njia. Mkokoteni wa nazi ukatukata katikati. Ulipopita, mamangu akanyoosha mkono akashika kanzu nyeupe iliyokuwa mbele yake, akaivuta mara tatu.

Aliyegeuka hakuwa babangu. Alikuwa bwana mnene, mgeni kabisa kwetu, ameshika kichane cha ndizi.

"Naam, bi mkubwa," akasema, kwa adabu sana.

Mamangu aliiona sura ile, akaiona kanzu iliyomo mkononi mwake, na akaona kwamba babangu hayupo. Niliutazama mdomo wake ukifunguka. Nilijua kinachokuja, nilikuwa nimeishi nacho miaka ishirini na sita. Kisha akaushika upindo wa leso yake, akaujaza mdomoni, akabaki vile, macho yamemtoka, leso mdomoni, na kanzu ya mtu bado mkononi.

Basi nikaita mimi. Sikukusudia, ni damu. Nilimwita babangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na soko zima likageuka isipokuwa yeye. Wachukuzi walisimama. Muuza matikiti akanyamaza katikati ya bei. Tulimkuta babangu kwenye duka la tende, anaonja, ametulia, akiamini mamangu yuko nyuma yake. Na nyuma yake kweli palikuwa na mtu, mbuzi wa mwenye duka, ametia pua katika upindo wa kanzu, na babangu, kila alipovutwa, alisimama kwa utiifu.

Tukarudi nyumbani, watatu sisi.

Tangu siku hiyo nikaanza kumwangalia babangu. Nilikuwa nimeshughulika na mamangu hata nikasahau kuna mtu wa pili katika jambo hili. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba karibu na dirisha, tasbihi mkononi, na macho yake yalimfuata mamangu chumbani kote. Mamangu alipita akanong'ona kitu. Babangu akanyanyua kichwa. Mamangu akanong'ona tena, akachoka, akamwekea chai na kuondoka. Zamani, chai ile ingekuja na habari zote za mtaa.

Adhuhuri moja mamangu akiwa jikoni, babangu akaniita kwa mkono.

"Mamako ana nini nami?" akaniuliza.

Nikamsogelea sikio nikamwambia hana kitu.

"Haneni nami tena. Ni mwezi wa pili huu. Kama nimemkosea na aanze kunambia kabla hatujasafiri. Siwezi kwenda hija na mke aliyeninunia."

Nikapiga magoti, nikaweka mdomo sikioni mwake, nikamweleza kwa nguvu zangu zote: maalim, Madina, sauti. Nikamwambia mamangu anaogopa kwa sababu sauti yake ni kubwa mno, mji mzima unajua.

Babangu akanitazama kama ninayemsingizia mtu.

"Mamako?" akasema. "Mamako hapigi kelele. Mji huu mzima yeye ndiye mtu anenaye sawasawa. Nyinyi nyote mwanong'ona."

Kwa kuwa nina ulimi unaotangulia, nikamwambia kweli yote. Kwamba anapiga kelele, tena sana, na kwamba anafanya hivyo kwa ajili yake, apate kusikia. Nilipokwisha kusema nilitamani niyarudishe maneno. Babangu aliivuta tasbihi punje moja, akakaa, akavuta nyingine. Jioni ile hakula sana.

Siku ya safari nyumba ilijaa watu walioleta salamu zao kwa Mtume. Walimwagiza babangu kwa kumpigia kelele sikioni, mmoja mmoja, na yeye akawahesabu kwa vidole na kurudia majina ndani ya ndevu. Mpangaji alishuka akiwa na tai yake, akasimama mlangoni asijue ashike nini, mwisho akasema, "Mzee, na mimi mnisalimie huko." Babangu akamwitikia kwa kichwa. Mamangu alimkumbatia kila mtu kimya kimya. Basi likawachukua mpaka uwanja wa ndege kupitia Makupa, na nyumba ikawa na utulivu niliouombea tangu nina miaka sita. Sikuupenda hata siku moja.

Walirudi baada ya siku arubaini. Mamangu alikuwa amekonda, amependeza, na anang'ara kwa fahari. Hakupaza sauti. Si Makka, si Madina, si uwanja wa ndege mizigo ilipopotea. Aliniambia hivyo kwa mnong'ono uliokomaa, mnong'ono wa mtu aliyehitimu, na akaongeza kwamba hataki kuiharibu kazi aliyoifanya. Ameamua kubaki hivyo hivyo. Nikamtazama babangu kwenye kiti chake cha kamba, ameinamia tasbihi. Nikasema alhamdulillahi, kwa sababu ndicho kinachosemwa.

Siku ya tatu watu wakaja kuwapa mkono wa hija. Wanaume walikaa sebuleni na babangu, wanawake chumba cha pili na mamangu, pazia katikati, na mimi nikipita huku na huko na sinia la kahawa, tende na vikombe vya Zamzam. Mshona kanzu naye alikuwapo, kanzu mpya, kofia mpya, na jambo kifuani. Nilimwona tu nikajua halitalala.

"Huyu mzee," akasema, akimwonyesha babangu kwa kikombe, "huyu mzee hakuwaeleza?"

Babangu hakusikia. Alikuwa anachagua tende.

"Tumesimama mbele ya Mtume," akasema mshona kanzu, "mimi ni nyuma yake, hivi. Watu wote wanong'ona, wengine walia. Yeye akatoa salamu yake, vizuri. Kisha akaanza zetu. Jamani, nilidhani wameweka kipaza sauti."

Tulikuwa tumemfunza mamangu miezi mitatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba mtu asiyesikia dunia hajisikii na yeye mwenyewe, na kwamba penye uvumi wa maelfu ya watu, mnyamavu wetu angejikaza ili apate kufika.

"Akazitoa zote," akaendelea. "Mtaa mzima, kwa majina, mpaka za mwenye duka la mafuta ya taa. Akasema, na mpangaji wangu wa chini, si wa dini yetu, lakini ni kijana mzuri, naye yuwakusalimu. Askari akaja akamgusa bega, akajiwekea kidole mdomoni. Huyu bwana akampa mkono, akamjibu wa alaikumu salamu, akaendelea."

Watu wakacheka sana. Mimi pia nilicheka. Upande wa pili wa pazia hapakuwa na kicheko, na nikajua wanawake wanasikiliza.

Mshona kanzu akakiweka kikombe chini. Sauti yake ikabadilika, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake.

"Mwisho akasema, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, nina salamu za mke wangu. Yuko upande wa wanawake, amejinyamazisha kwa kukuheshimu wewe. Watu wasema apiga kelele. Mimi nimekuja kumtolea ushahidi. Haikuwa utovu wa adabu. Miaka thelathini amenena kwa nguvu ili mimi nisiwe peke yangu, na sikujua mpaka juzi, nilipoambiwa na mwanangu." Akajipangusa uso kwa upindo wa kofia. "Hata yule askari alingoja amalize."

Babangu alipata tende aliyoitaka, akatoa kokwa, akaiweka kwenye kisahani.

Pazia likasogea. Mamangu akasimama pale, buibui vizuri, uso umelowa, hakujali nani anamwona. Akamtazama babangu.

"Bwana," akasema, kwa ule mnong'ono wake wa Madina, "ulinena hivyo?"

Babangu aliuona mdomo wake ukitembea. Akatabasamu, tabasamu lile alilojifunza miezi ya karibuni, la mtu asiyesikia na hataki kusumbua, akarudi kwenye sahani ya tende.

Nilimwona mamangu akivuta pumzi. Niliona mabega yakipanda.

"Bwana, ulinena hivyo?"

Vikombe vililia kwenye sinia langu. Kichochoroni mtu alisimamisha baiskeli. Kutoka chumba cha chini, ambako mpangaji alikuwa amelala baada ya zamu, tulisikia mtu akiruka kitandani na kutafuta viatu.

Na babangu akanyanyua kichwa, uso wote umefunguka, akamtazama mkewe kama ndiyo kwanza ameingia mlangoni kutoka safari ndefu.

"Karibu nyumbani," akamwambia.